Mwitikiaji wa Korongo la Ruvumo

Katika miaka ya tisini nilikuwa askari wa wanyamapori kwenye kituo kidogo cha Ruvumo, pale ambapo vilima vya Kasulu vinakatika ghafla na kuwa korongo, na ng'ambo ya korongo misitu ya Kibondo inaanza. Tulikuwa wawili, mimi na Mzee Hilali. Kwa maandishi, kazi yetu ilikuwa kulinda wanyama. Kwa kweli sehemu kubwa ya siku tulikuwa tunatazama juu.

Kibanda chetu kilikuwa ukingoni kabisa, na bati lake lilizuiwa na mawe kwa sababu ya upepo wa Septemba. Mbele ya mlango kulikuwa na gogo la kukalia. Asubuhi Hilali alikaa upande wa mashariki wa gogo na mimi upande wa magharibi, kila mtu na kikombe chake, na kabla hatujaamkiana vizuri tulikuwa tumeshakubaliana siku itakuwaje.

Kiangazi kilikuwa msimu wa moshi. Kuanzia Julai nyasi zilikauka, na kila uzi wa moshi ulioinuka porini ulikuwa na maana. Moshi wa mtu anayepika ni mwembamba na husimama wima. Moshi wa tanuri la mkaa hulala chini kama mgonjwa. Moshi wa pori linaloungua huwa wa kahawia chini na mweupe juu, na ndege huzunguka mbele yake wakitafuta panzi wanaokimbia. Mambo haya sikuyasoma popote. Nilitazama, nikakosea, nikatazama tena. Kufika Agosti anga lote huwa na utusitusi na jua hutua likiwa jekundu kama chungu kilichotoka motoni. Kisha, kabla ya tone la kwanza, miyombo hutoa majani mapya mekundu, na korongo zima huwaka rangi kwa wiki chache. Sasa naishi Kasulu mjini, na mbingu naiona kwa vipande katikati ya mabati. Wakati ule wa majani mekundu ukifika, bado naamka mapema bila sababu.

Masika yalikuwa msimu wa maji, na maji ya Ruvumo yalikuwa ya hila. Mto wa chini ya korongo hauanzii pale. Unakusanya vijito kutoka vilima vya upande wa Heru Juu, mbali na macho ya mtu aliye bondeni. Mvua ingeweza kumwagika kule huku kwetu jua linawaka na mijusi inaota juu ya mawe. Baada ya muda kama wa kuivisha sufuria ya maharage, maji yalifika. Hayakupanda taratibu. Yalikuja kama ukuta, na magogo mbele yake. Kwa hiyo tangu Oktoba tulikuwa hatutazami tena mbingu iliyo juu yetu. Tulitazama ya wenzetu, kule vilimani.

Waliotegemea macho yetu walikuwa warina asali. Watu wa Kagerankanda na vijiji vya jirani walitundika mizinga ndani ya korongo tangu kabla pori lile halijawa hifadhi, na serikali iliwaacha waendelee kwa kibali. Walikuwa na utaratibu wao. Hakuna aliyeshuka peke yake. Mmoja alikwenda mzingani, na mwingine, ndugu yake wa ukoo, alisimama kwenye kona ya njia, katikati ya mteremko. Yule wa mzingani hakutamka neno tangu anapofunua mzinga mpaka anapoufunika. Walisema nyuki wanaijua sauti ya mwenye mzinga, na wakiisikia wakati wanaporwa watahama wasirudi. Hata aitwe na nani, haitiki. Anayeitika ni yule wa kwenye kona, kwa niaba yake, na walimwita mwitikiaji.

Mwanzoni niliona ni imani tu. Kisha siku moja nikashuka mwenyewe mpaka chini ya miamba iliyoinama, Hilali akapiga kule juu ile pembe tuliyowaonyea watu maji yakija, na sikusikia kitu. Sauti ilipita juu yangu. Nilipopanda hadi kwenye kona nikaisikia pembe vizuri, na nikamsikia vizuri mtu aliyekuwa chini. Siku mto ukiwa mdogo na upepo umelala, pembe ingeweza kufika mpaka mizingani. Siku nyingine haikufika. Sikuwahi kuwauliza wale watu kipi kilitangulia, imani au kona.

Pembe ilikuwa ya tandala, na sheria yake ilitoka kwa bwana nyama mkuu pale Kibondo. Mwaka mmoja Hilali alipiga pembe, hakuna aliyeitika, akashuka kumtafuta mtu ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwake anakula. Maji yakamkuta Hilali kwenye kivuko. Alitoka na kiatu kimoja, na goti lake la kulia halikuwa zima tena. Tangu hapo ikaamriwa kwamba pembe ikipigwa, lazima sauti itoke korongoni. Asiyeitika anaonywa mara moja. Mara ya pili, kibali kinarudi ofisini. Niliiona ni amri ya haki, na warina asali hawakulalamika, kwa sababu kila mmoja alikuwa na mwitikiaji.

Mpaka mwaka wa tisini na saba.

Mwaka huo mvua ilikuja kwa namna ambayo hata wazee hawakuizoea. Redio ya Hilali ilisema ni Elinino, na watu wakalitamka jina hilo kama la mgeni aliyekaa kupita kiasi. Kipimo chetu cha mvua kilijaa na kumwagika. Na katikati ya mvua hizo, asubuhi moja ya Novemba jua lilipochomoza kidogo, alikuja Mama Ange.

Jina lake lilikuwa Immakulata; Ange ni bintiye, aliyekuwa ameolewa mbali. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, mwaka wa sabini na mbili, akaolewa na Nizigiyimana, mrina asali aliyevuka mwaka huohuo. Nizigiyimana alikuwa amefariki mwezi Machi kwa homa. Shamba walilolima lilikuwa la ukoo wa mume, na lilikuwa limeanza kugawanywa. Mizinga ya Ruvumo ndiyo ilikuwa kitu pekee alichoweza kukiita chake, maana yeye na mumewe waliitengeneza pamoja. Mume alibandua magome, na yeye akashona miisho kwa kamba za mti. Mishono yake tuliitambua hata kwa darubini.

"Mwakeye," alitusalimia kwa Kiha.

"Mwakeye neza, Mama Ange. Karibu. Mwitikiaji wako yuko nyuma?"

"Hayuko."

"Anakuja?"

"Afande, ningekuwa na wa kuja, si ningekuja naye?"

Hilali, aliyekuwa anachuja chai ya tangawizi, akacheka taratibu, akanigeukia. "Reverien, umejibiwa."

Akampa kikombe. Hilali alizaliwa Kasulu, lakini baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyetoka pwani, na chai kwake ilikuwa sehemu ya adabu. Hakuna aliyeshuka Ruvumo bila kunywa.

"Shemeji yako Pasikali je?" akamuuliza.

"Pasikali anasema mizinga ni ya kaka yake."

"Na kaka yake hayupo."

"Ndiyo maana anasema hivyo."

Nilielewa. Kwa warina asali wale, mwitikiaji huitikia mwenye mizinga. Ukisimama konani umekiri mbele ya watu wote mizinga ni ya nani. Pasikali akimsimamia, ameshakubali kwamba mjane ndiye mwenye mali. Asiposimama, mama yule anabaki na njia mbili tu. Aitike mwenyewe, na ukoo useme amewafukuza nyuki, mizinga ihamie kwa Pasikali. Au anyamaze, nasi tumnyang'anye kibali.

"Nisimame mimi," nilimwambia.

"Wewe ni wa ukoo gani, afande?" aliuliza kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtoto kuvaa viatu. Akaweka kikombe chini, akachukua ndoo na mwenge wake, akashuka.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kagerankanda kununua maharage, nikapita kwa Pasikali. Alikuwa fundi baiskeli, mtu mrefu, mikono myeusi kwa grisi, na baiskeli za wateja zimeegemezwa kwa mpangilio kwenye ukuta wa udongo. Alikuwa na desturi ya kukasirika mtu akilaza baiskeli chini. Alisema huo ni uvivu unaoua rimu.

"Shemeji yako anashuka peke yake," nilimwambia.

"Nimesikia."

"Ungesimama naye hata mara moja. Mwaka huu maji si ya kawaida."

"Bwana nyama, wewe unalinda tembo. Tembo wako wamekuja kunishtaki?"

Waliokuwa wanasubiri baiskeli zao wakacheka. Mmoja akasema tembo hawashtaki, wanakanyaga. Pasikali hakucheka. Aliendelea kukaza spoku, akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Nikisimama pale, kesho yake sokoni kote itasemwa ni mizinga ya Mama Ange. Kaka yangu ndiye aliyenipandisha mti wa kwanza kule, nikiwa bado nanyonya kidole. Nimsimamie nani sasa? Nikisimama, ni kama na mimi nimemzika."

Nilibeba maharage yangu nikarudi. Njiani nilijaribu kumuona ni mtu mbaya na nikashindwa.

Katikati ya Novemba Hilali alipiga pembe kwa mara ya kwanza Immakulata akiwa chini. Wingu lilikuwa dogo, la tahadhari tu. Alipiga, tukasubiri. Maji yalikuwa machache na hewa imetulia, sauti ilikuwa inafika mpaka chini. Korongo halikutoa neno. Alipiga tena. Tukasikia kunguru.

Baadaye kidogo mama yule alitokeza ukingoni na ndoo yake, jasho usoni, mwiba wa nyuki bado kwenye shavu.

"Ulisikia pembe?" Hilali aliuliza.

"Nilisikia."

"Mbona kimya?"

"Mzinga ulikuwa wazi."

Hilali alijikuna goti. "Mama Ange, mimi nina goti moja tu lililobaki, na ninalihitaji kwa kusujudu. Unataka nishuke tena?"

"Usishuke, mzee wangu."

"Basi sema 'nipo'. Neno dogo kama choroko."

"Dogo kwako." Alijichomoa mwiba, akautazama. "Siku nikilisema, Pasikali hatahitaji kunidai. Atawaambia wazee nyuki wamehama, na wataamini nini, neno langu au mzinga mtupu? Mwaka wa mvua kama huu wanahama hata bila kuambiwa."

Alikuwa amefikiria mambo yote. Hilali akamwonya kama sheria ilivyotaka, akiwa amesimama na kofia kichwani, kisha akavua kofia akamwongezea chai. Kuanzia siku hiyo tulijua, na yeye alijua, kwamba pembe ikilia tena na yeye akanyamaza, mizinga imekwenda.

Nilianza kuzitazama mbingu za Heru Juu kwa njia ambayo sikuwahi kuzitazama. Nilitaka pembe isihitajike. Siku alizokuja nilimwambia asubiri, jua lipande nione vilima. Alisubiri bila kunung'unika, akisuka kamba. Mara mbili nilimrudisha nyumbani, na mvua ikanyesha kweli, na alipokuja tena aliniletea mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba. Hilali alisema hongo yenyewe imeungua upande mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa ya Desemba. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kwetu, na asubuhi ukungu ulijaa korongoni mpaka ukingoni, mweupe na umetulia kama maziwa kwenye kata. Juu ya ukungu mbingu ilikuwa safi. Vilima vilionekana kwa mbali na utando mwepesi juu yake, si mweusi, wa kijivu, aina ambayo kwa kawaida jua huumaliza. Tuliutazama wote wawili. Hilali alisema shuka, na mimi nilisema shuka. Immakulata akashuka, na ukungu ukamfunika kuanzia miguuni.

Jua lilikuwa limepanda vizuri tulipomuona Pasikali anakuja na njia ya ukingoni, anasukuma baiskeli. Alikuwa amelowa. Si unyevu wa umande. Shati lilikuwa limegandamana na mbavu, maji yalikuwa yanamtoka kwenye pindo za suruali, na yeye alikuwa anatembea kwenye jua kali, chini ya mbingu safi.

"Umeoga na nguo zako?" Hilali alimuuliza.

"Heru Juu mvua inamwagika tangu alfajiri," alisema. "Nilikwenda kuchukua rimu kwa mtu, nikarudi na njia ya juu. Kijito cha kwanza nimevuka nimebeba baiskeli kichwani. Cha pili nimezunguka."

Nikachukua darubini. Ule utando wa kijivu haukuwa umemalizwa na jua. Ulikuwa umeshuka ukakalia vilima, na chini yake kulikuwa na weusi ambao kutoka kwetu ulikuwa mwembamba kama wino chini ya ukucha. Mvua ilikuwa nyuma ya mgongo wa kilima, upande tusioona. Mtu aliyelowa ndiye aliyeniletea habari ambayo macho yangu yalikosa.

Hilali alikuwa ameshaishika pembe. Alipiga kwa muda mrefu, mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Ukungu ulikaa palepale.

"Nani yuko chini?" Pasikali aliuliza.

"Shemeji yako."

Hilali akapiga tena. Kwa chini, mbali sana upande wa juu wa mto, nilianza kuhisi zaidi kuliko kusikia mtetemo kwenye mawe. Mto ulikuwa umeshapanda kwa mvua ya usiku, na kelele zake zilikuwa zinajaza korongo. Nikajua kwamba safari hii si kwamba anatunyamazia. Hasikii. Chini ya miamba ile, na nyuki masikioni, na kipande kimoja cha ukungu mweupe badala ya mbingu, hakuwa na sababu ya kuwaza maji.

Nilichukua kamba iliyokuwa ukutani. Hilali alikuwa anafunga kiatu, na goti lile halikukubali kukunjika. "Wewe baki," nilimwambia.

"Hujui mizinga iko wapi," Pasikali alisema.

"Najua njia mpaka konani."

"Na ukifika konani utamwita nani? Utasema Mama Ange, Mama Ange. Mzinga ukiwa wazi hata akikusikia hatakujibu. Atadhani ni ile pembe yenu ya kila siku. Atamaliza masega yake kwanza."

"Basi nitashuka mpaka alipo."

"Hutafika. Na ukifika hutarudi."

Alikuwa amesimama ameshikilia baiskeli kwa mikono miwili. Macho yake hayakuwa kwangu wala kwa Hilali. Yalikuwa kwenye ukungu. Ulikuwa muda mfupi, lakini nilipata nafasi ya kuuona ukipita. Sijui alikuwa anapima nini. Huenda ilikuwa mizinga. Huenda alikuwa anamuona kaka yake akimpandisha mti. Miaka yote iliyofuata nilikunywa naye chai mara nyingi na sikumuuliza, na sidhani kama nilikuwa na haki ya kuuliza.

Kisha akailaza baiskeli chini, kwenye mawe, na tairi la mbele likaendelea kuzunguka. Akaingia kwenye njia, akazama kwenye ukungu. Tulisikia mawe madogo yakiporomoka mbele ya miguu yake, halafu hatukusikia tena.

Hilali alipiga pembe mara ya tatu.

Na korongo likajibu.

"Tupo."

Ilikuwa sauti ya Pasikali, kutoka kwenye kona, imeelekezwa juu kwetu kama utaratibu ulivyotaka. Hata kwa haraka ile hakuuruka. Halafu akageuka, na sauti ikaenda chini, nzito, kila neno peke yake.

"Mwenye mizinga. Funika. Maji."

Nilitazama ukungu na nikaona ninashika kamba kana kwamba kuna mtu kwenye mwisho wake.

"Mwenye mizinga," Pasikali alirudia, na safari hii sauti ilipasuka kidogo. "Funika. Maji yanakuja."

Kutoka chini, ndogo lakini safi, ikaja sauti ya mwanamke. "Nimefunika. Napanda."

Upepo ulitangulia. Huwa unatangulia, upepo wenye harufu ya udongo na majani yaliyooza, unasukumwa na maji yenyewe. Ukungu ukavunjika vipande, na kupitia ufa mmoja nikawaona wakiwa juu ya kona, yeye mbele na Pasikali nyuma yake, mkono wa Pasikali umemshika kwenye kifundo cha mguu kuuelekeza kwenye jiwe. Maji yakapita chini yao. Yalikuwa mekundu na yamebeba mti mzima wenye majani. Pale kwenye kivuko ambapo Hilali aliacha kiatu chake, hapakuonekana tena kivuko wala jiwe.

Walipofika ukingoni walikaa chini bila kuchagua mahali. Ndoo haikuwepo, wala mwenge. Immakulata alikuwa na nyuki wachache kwenye kitambaa cha kichwa, na aliwatoa mmoja mmoja bila kuwaua.

Pasikali ndiye aliyeanza. "Nimeita mara mbili. Mbona ulichelewa?"

"Nilikuwa nafunika."

"Mto mzima unakuja, wewe unafunika mzinga?"

"Ulisema funika."

"Nimesema funika kwa sababu ndivyo inavyosemwa."

"Na mimi nimefunika kwa sababu ndivyo inavyofanywa," alisema. "Ungetaka nikimbie, ungesema kimbia."

Hilali aligeuka akajifanya anatafuta sukari. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Lakini kulikuwa na kazi ya kumaliza. Kila pembe ikipigwa tulitakiwa kutoa taarifa Kibondo kwa redio, na siku ile maji yalikuwa makubwa, hapakuwa na namna ya kuacha. Hilali aliwasha redio, akaeleza wingu, maji, na kwamba hakuna aliyeumia. Sauti ya Kibondo, ikiwa na mikwaruzo, ikauliza kama pembe iliitikiwa.

"Imeitikiwa," Hilali alisema. Kisha akashusha kipaza sauti, akamgeukia Pasikali. Angeweza kuacha hapo. Nadhani alifanya makusudi, na alifanya kwa heshima, sauti yake ilikuwa ile ya kuuliza mtu anakunywa chai na sukari kiasi gani. "Wanataka jina la mwitikiaji. Na ameitikia mizinga ya nani."

Pasikali alikuwa anakamua shati. Immakulata hakumtazama. Alikuwa anafungua na kufunga tena kitambaa chake, polepole, fundo lilelile.

"Sema Pasikali," shemeji yake alisema. Akakamua upande wa pili wa shati. "Kwa mizinga ya Mama Ange."

Hilali akalirudia jina kwenye redio. Kibondo wakasema wamepokea.

Baadaye Pasikali aliinuka, akaenda kuinua baiskeli yake, akazungusha tairi la mbele na kulisikiliza. "Rimu imepinda," alisema, bila kumlaumu mtu. Immakulata naye aliinuka, akashika kiti cha nyuma ili yeye aweze kunyoosha spoku, na walifanya kazi hiyo kichwa kwa kichwa huku maji yakiunguruma chini yetu. Nilimsikia Immakulata akimwambia kwa Kiha kwamba marehemu kaka yake asingeilaza hivyo. Pasikali akajibu kwamba asingeilaza, angeitupa.

Maji ya Desemba yalichukua baadhi ya mizinga, ya Mama Ange na ya watu wengine. Mvua ziliendelea mpaka Machi na hakuna aliyeshuka tena msimu ule. Nakumbuka jinsi Hilali alivyokuwa akisimama mlangoni na mikono nyuma akiitazama mvua kama mtu anayemsubiri mgeni aage. Kisha mwezi wa tano ukungu ukaanza kubaki chini asubuhi, mto ukapungua, na baridi ya Juni ikaja na anga lake la buluu lisilo na doa, anga ambalo kwetu sisi lilikuwa kama likizo.

Msimu wa asali ya kiangazi ulipofunguliwa, Immakulata na Pasikali walikuja pamoja na njia ya ukingoni, kila mmoja na mzinga mpya wa magome kichwani. Walikunywa chai, wakabishana kama mizinga mipya itundikwe chini ya miamba au juu zaidi ya alama ya maji, wakashuka bado wanabishana. Mimi nilikuwa nashughulika na kipimo cha mvua, nakisugua kutu.

Kila mwanzo wa msimu tulijaribu pembe. Hilali aliipangusa kwa mkono wa shati, akapiga mara moja tu, bila haraka, kwenye hewa ile ya baridi iliyokuwa inabeba kila kitu.

"Tupo," ikaitika kona.

Hilali alishusha pembe, akanitazama. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Leo nani yuko mzingani?" aliuliza, ingawa tulikuwa tumewaona wote wawili wakishuka.

Nikachukua darubini. Chini kabisa, kwenye mti uliokuwa umeota juu ya alama ya maji, Pasikali alikuwa amekaa kwenye panda na mwenge wake, amezungukwa na moshi, midomo imefungwa. Juu yake, kwenye kona ya njia, Immakulata alikuwa amesimama na mkono mmoja kiunoni, amegeuza uso upande wa vilima vya Heru Juu, anaangalia hali ya hewa.